Kilichotoka Kwenye Gari Letu

Gari la dizeli likikosa nguvu ghafla, mafundi wengi wa Tunduma hukimbilia boneti. Fundi wetu alikuwa anavuta kigoda. Alimkalisha mwenye gari, akakaa mbele yake, akamwuliza habari za safari: ulitoka saa ngapi, ulipita wapi, ulisimama wapi, na hapo uliposimama ulikula nini. Wageni walidhani anapoteza muda. Wengine walikasirika, maana walikuwa na mizigo juu na foleni ya mpakani inawasubiri. Yeye hakujali. Alisubiri jibu kama daktari anayesubiri mgonjwa aache kusema uongo.

"Gari haliharibiki ghafla," alikuwa akisema. "Ghafla ni yako wewe uliyechelewa kujua. Gari lilianza zamani."

Namwita Fundi tu, kwa sababu ndivyo nilivyomwita tangu nikiwa darasa la nne, baba aliponipeleka pale kwa mara ya kwanza. Wapo waliosema ni mtu wa Tanga, wapo waliosema wa Kigoma. Mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba ametokea barabarani. Mambo hayo nimeyaacha. Ninalojua ni kwamba kwetu Hasamba watu walikuwa wakisema Fundi huyu ndiye aliyemuua mama yangu, na kwamba mimi, niliyejua si kweli, nilinyamaza miaka mitatu.

Nitalifikia hilo. Kwanza nataka aonekane.

Siku moja alikuja jamaa wa Saza, mtu wa machimbo ya dhahabu, na pikapu iliyokuwa ikikata nguvu kila baada ya mwendo mfupi. Alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu. Wamebadilisha filta, wamesafisha pampu, mmoja amemwambia auze gari. Fundi akamwuliza maswali yake. Yule jamaa akajibu kwa hasira kwamba gari lilikata mara nne njiani, ila aliposimama kula wali na maharage likavuta vizuri kama jipya.

"Ulikula kwa muda gani?"

"Fundi, mimi nimekuja kutengeneza gari, sijaja kusimulia maharage."

Watu wakacheka. Fundi akaenda kwenye tangi, akafungua mfuniko taratibu na kutega sikio, kama alivyofanya kwa kila gari. "Tangi nalo linapumua, bwana," akasema. "Hili linapumua vizuri. Kwa hiyo mgonjwa wetu yuko ndani." Akaingiza waya aliokunja ncha, akavua kama mtu anayevua samaki kisimani, na baada ya muda akatoa kitambaa, kipande cha shati la zamani. Mtu fulani alikitumia kuziba mdomo wa dumu, kikatumbukia. Gari likitembea, pampu ilikinyonya mpaka kikaziba njia ya mafuta. Likisimama, kilielea pembeni. Wali na maharage ndivyo vilivyokifichua.

Kisha akafanya desturi yake. Alikamua kile kitambaa, akakifunga kwenye gazeti, akamkabidhi mwenye gari kwa mikono miwili. Hakuna gari lililotoka kwake bila kifurushi cha gazeti. Ukibadilishiwa bomba, unapewa bomba lililopasuka. Ukisafishiwa tangi, unapewa matope kwenye chupa. Yule jamaa wa Saza alimwuliza atakifanyia nini kitambaa kinachonuka. Fundi akamwambia hilo halimhusu, chake ni kuonyesha. "Kilichotolewa lazima mwenye gari akione," alisema. "Fundi anayeficha kilichotolewa ni mwizi, hata kama hakuiba."

Naomba sentensi hiyo ikumbukwe.

Alikuwa na masikio ya ajabu. Mama aliyeuza chai ng'ambo ya barabara aliwahi kushindana naye kwa dau la maandazi, naye akalitaja kila gari kabla halijakata kona: huyu wa mchele, huyu wa saruji, huyu amerudi na turubai mbovu ileile. Gari letu lilipokaribia alisema, "Hasamba hao." Aliniita hivyo hata mimi, Hasamba, mpaka nilipokwenda chuo akaanza kuniita Msomi, kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kama ni sifa au kejeli. Nililifikiria jambo hilo usiku kucha zaidi ya mara moja. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Mtu akiniambia "haya" badala ya "sawa", najiuliza nimemkosea nini.

Hakuwa anaendesha gari. Mtu aliyetengeneza magari maisha yake yote alikwenda kila mahali kwa miguu, na alipotaka kulijaribu gari alimwambia mwenyewe aendeshe, yeye akakaa kiti cha abiria na kufumba macho. Safari nzima hasemi kitu, kichwa amekiegemeza kwenye kioo cha dirisha. Madereva wa Zambia waliomwita bashikulu, yaani babu, walidhani amelala, wakapunguza sauti. Halafu ghafla anafungua jicho moja: "Rudi. Nimeshalijua."

Simu hakuwa nayo. Aliwahi kuwa nayo, akaigawa, kwa sababu watu walikuwa wakimwigizia mlio wa injini kwa midomo wakitaka tiba kwa mbali. Na vijana walipoleta kompyuta za kupimia magari, aliwacheka hadharani. Kuna gari la mama mmoja wa mchele, kompyuta ilisema atoe turbo nzima, Fundi akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa hewa, akaagiza injini ikanyagwe, na povu likatoa mapovu makubwa mahali palipokuwa na ufa mdogo kama kucha. Vijana waliaibika. Lakini jioni, wakishaondoka, alinivuta pembeni na kuniomba nimsomee kwenye simu yangu maana ya zile namba za kompyuta. Aliniuliza polepole, akirudia kwa midomo. Nilimwuliza kwa nini basi anawacheka. Akasema hacheki kompyuta, anamcheka anayeiuliza kabla hajamwuliza mwenye gari.

Sasa nije kwenye gari letu.

Ni pikapu ya zamani ya dizeli ambayo baba hubebea kahawa. Mwaka ule nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, kiangazi, msimu wa mavuno. Mfuniko wa tangi ulikuwa umelegea, dizeli ikawa inanuka mpaka nyuma kwenye magunia. Mkulima wa kahawa anajua maana yake. Kahawa ni kama mtoto mchanga, inashika harufu yoyote, na mnunuzi akiinusa dizeli anarudisha gunia. Nikatafuta dawa. Nilichukua nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, nikaifunika kwenye mdomo wa tangi mara mbili, nikaikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikafunga fundo lile tunalofungia magunia ya kahawa, halafu nikarudisha mfuniko juu yake. Harufu ikaisha kabisa. Baba alisimama akanitazama nikimaliza. "Afadhali tulikusomesha," alisema. Nilifurahi siku mbili.

Siku ya tatu mama alianguka jikoni. Upande mmoja ulilegea, maneno yakawa hayatoki. Tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, kichwa chake nimekipakata mimi, baba akashika usukani kumpeleka hospitali. Kwenye kilima kile cha mwisho kabla ya lami, gari likakosa nguvu. Halikutoa mlio wowote mbaya. Lilichoka tu, likasimama. Baba alishuka akapiga pampu ya mkono ya kusukuma dizeli, tukasubiri, likawaka, likavuta hatua kadhaa, likakata tena. Mara tatu. Mama alinitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linamtii. Mwishowe lilipita lori la mahindi, tukamhamishia humo.

Alifariki kesho yake mchana. Daktari alisema hawezi kusema kama muda ule tuliokaa kilimani ungebadilisha kitu. Hilo "siwezi kusema" nimelala nalo na kuamka nalo.

Baba alirudi na gari siku iliyofuata, asubuhi ya mazishi. Tulikuwa tumejaa uani. Alishuka na kifurushi cha gazeti, akakiweka mezani mbele ya baba wadogo na kukifungua. Ilikuwa filta ya mafuta, nyeusi, imeziba. "Ni hii," alisema. "Filta aliyoweka Fundi." Kweli Fundi alikuwa ametubadilishia filta wiki moja kabla. Hakusema zaidi, akaingia ndani. Lakini maneno hayo yalitosha. Kufikia jioni msiba mzima ulijua kwamba fundi wa Tunduma aliweka filta mbovu, na kufikia mwisho wa msimu hapakuwa na gari la kahawa kutoka upande wetu lililokwenda kwake. Baba mdogo mmoja aliapa kwamba mtu yule akikanyaga msibani atatolewa kwa fimbo.

Mimi niliitazama ile filta. Fundi alikuwa na tabia ya kuandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila filta anayoweka. Nilikuwepo siku ile, nilimwona akiandika. Filta iliyokuwa mezani haikuwa na tarehe. Nikatoka taratibu mpaka kwenye gari, nikafungua mfuniko wa tangi. Nailoni haikuwepo.

Tangi nalo linapumua. Kwenye mfuniko pana kitundu cha hewa. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kujaza nafasi yake, la sivyo pampu inavuta na tangi linakataa. Nilikuwa nimemsikia akisema miaka yote ile. Nilisikia kama mtu anavyosikia mahubiri.

Kwa hiyo nilijua mawili. Nilijua ni mimi. Na nilijua kwamba Fundi, ambaye hakuwahi kumficha mwenye gari kitu, safari hii amemficha baba, amempa filta ya kuokota na kujibebesha kosa lisilo lake. Nilitaka kwenda kumwuliza. Nilipanga maneno. Nilirudi chuo nikayapanga upya. Nilimaliza shahada, nikarudi Hasamba, nikaomba kazi nisizopata, na kila nilipopita Tunduma nilizunguka mtaa wa nyuma nisipite gereji yake. Kila asubuhi nilijiambia nitamwambia baba leo, na kila jioni nilikuwa na sababu nzuri ya kusubiri kesho.

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kupeleka barua ya maombi kwenye ofisi ya mizigo. Yule mama wa chai akaniona. Hakunisalimia vizuri. Aliniambia kama nina neno na mzee yule nikaseme leo, maana kesho anapanda basi la alfajiri kwenda kwa binti yake Morogoro, na harudi.

Gereji ilikuwa imebaki uwanja mtupu. Spana alikuwa ameshaziuza. Alikaa kwenye kile kigoda, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Hasamba." Alitabasamu. "Leo umekuja kwa miguu. Gari linaendeleaje?"

Maneno niliyoyapanga miaka mitatu yaliniponyoka yote. Nilichuchumaa mbele yake, mahali wanapokaa wenye magari. "Fundi, ile nailoni niliifunga mimi."

"Najua. Fundo lile ni la gunia la kahawa. Na lilikazwa na mtu mwenye wasiwasi."

"Baba hajui."

Akageuza uso, sikio moja likanielekea, kama anavyofanya injini ikitoa mlio asioutegemea. "Nani hajui?"

"Baba," nikarudia.

"Mimi sijawahi kumficha mwenye gari kilichotolewa," Fundi akasema.

Alinieleza bila haraka. Alipopata habari zetu alipanda bodaboda mpaka kile kilima, akamkuta baba peke yake na gari. Akamwambia aendeshe, yeye akakaa kiti cha abiria akafumba macho. Lilipokata, alishuka akafungua mfuniko, akakuta nailoni imenyonywa kwenda ndani, imekakamaa. Alipoichana, hewa iliingia kwa kishindo. Akaitoa yote na fundo lake, akaifunga kwenye gazeti, akamkabidhi baba kwa mikono miwili, kama desturi. Baba aliishika muda mrefu. Kisha akamwuliza kama ana filta yoyote ya zamani kwenye mkoba.

"Nikamwuliza ya nini. Akasema, 'Mke wangu nimempoteza jana. Kijana wangu akijua ni hii nailoni, nitampoteza na yeye. Unamjua anavyofikiri.'" Fundi akavuta kigoda karibu. "Nikampa filta. Tulikubaliana iishie ndani ya nyumba yenu. Hatukukubaliana Hasamba nzima. Lakini mafuta yakishamwagika huyarudishi tangini."

"Kwa nini hukujitetea?"

"Kwa nani, Msomi? Na bila kukutaja wewe, ningejitetea vipi?"

Nilimwambia nitarekebisha. Nitamwambia kila mtu. Nilisema mengi, na kwa haraka. Aliniacha nimalize, halafu akasema yeye jina halitamfaa kitu Morogoro, huko ataitwa babu tu. Kilichomsumbua ni kingine.

"Sikuja msibani. Mama yako alinipikia ugali mara mbili, mliponipeleka kutazama mashine yenu ya kukoboa kahawa. Sikumzika. Hata pale kilimani, baba yako sikumpa pole." Akanishika mkono, vidole vyake bado vina dizeli. "Mpelekee. Mwambie, pole imechelewa, ila ni yake."

Nilimkuta baba kwenye vichanja, anageuza kahawa kwa viganja. Jua lilikuwa limeinama. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanza na nilichotumwa. "Baba, Fundi anakupa pole ya mama. Anasema imechelewa, na anahamia Morogoro."

Mikono yake ilisimama ndani ya kahawa. Kisha akaingia chumbani, nikasikia sanduku la mama likifunguliwa, lile la khanga zake. Alirudi na kifurushi cha gazeti lililogeuka njano, akaniwekea mkononi. Sikuhitaji kukifungua. Nililigusa lile fundo kwa nje.

"Kila mwaka nasema nitaichoma," alisema. "Anaondoka lini?"

Nilimwambia. Alisema Tunduma asubuhi tutakwama kwenye foleni ya malori, basi litatupita. Tumsubiri njia panda, pale barabara yetu inapotokea kwenye lami. Basi lazima lipite hapo.

Tulifika kabla hakujapambazuka vizuri. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshawasha moto wa kuotea. Basi lilipoonekana nilisimama barabarani na kupunga mikono yote miwili. Lilipiga honi. Lilikuwa limejaa, halikupunguza hata kidogo.

"Haoni," nikasema, kama kwamba ndilo lililokuwa tatizo.

"Anasikia," baba akasema. Akaruka ndani ya pikapu, akawasha, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ilinguruma pale ilipo, moshi ukafunika njia panda nzima, vijana wakaziba pua wakitukana. Basi likapita. Kwenye dirisha la tatu nilikiona kichwa kilichoegemea kioo, macho yamefumbwa. Alikuwa akikaa hivyo kila anapolisikiliza gari. Hata watu waliolala hukaa hivyo.

Baba hakuondoa mguu mpaka taa za nyuma zilipopotea kwenye kona.

"Mzee, unampigia nani resi asubuhi yote hii?" kijana mmoja akauliza, mtoto wa jirani yetu.

"Fundi wangu."

"Yule wa filta? Si ndiye aliye…" Akaishia hapo, akanitazama.

"Siye," baba akasema, kwa sauti ya kusikika na wote waliozunguka moto. "Filta yake ilikuwa nzima. Tangi tuliliziba sisi wenyewe."

Kijana akageukia moto. Nilifungua mdomo nimsahihishe, kwamba si sisi, ni mimi. Baba alishaingiza gia. Akaniambia nipande, kahawa haijageuzwa.